Kiti cha Mgeni

Masijala, Jumatano, 4 Machi

Kidole mwanangu,

Kompyuta zenu zimefika. Nasema zenu kwa sababu wewe ndiye uliyemwandikia Mkuu wetu ile barua ya kurasa nne, ukimshauri ofisi ya viwanja inunue kompyuta zenye mfumo usiolipiwa. Naye, ambaye ana miezi mitano tu hapa na bado anauliza choo kiko wapi, aliisoma mara moja akaagiza kumi na mbili. Nilimwambia rahisi huvunja upishi. Akanijibu, "Lakini mama, si mpwa wako ndiye mtaalamu?" Hapo nikarudi kwenye majalada yangu, maana nikikupinga wewe najipinga mwenyewe.

Zimepangwa kwenye meza ndefu, mgongo kwa dirisha. Ile taipureta uliyokuwa ukiigonga kwa kidole kimoja ulipokuwa na miaka sita, ukapata jina, imewekwa juu ya kabati la majalada. Nayo haitadumu hapo. Kila jalada tunaliskani ukurasa kwa ukurasa, kisha Mkuu analipiga muhuri wa "LIMEINGIZWA" na linapelekwa kwenye pipa la kuchomea taka nyuma ya jengo. Miaka thelathini na moja nimeyapanga, leo nayasukuma kwa toroli hadi motoni. Anasema karatasi ni panya na vumbi. Mimi nawajua panya wa ofisi hii, na wengine wanavaa tai.

Lakini nikuulize jambo. Nikiwasha mashine inaniuliza mimi ni nani, na inanipa majina matatu nichague: Mkuu, Masijala, ambaye ni mimi, na Mgeni. Huyu Mgeni ni nani? Nilisoma na msichana aliyeitwa Mgeni, kwa hiyo jina silishangai. Nadhani ni mfanyakazi mpya ambaye hajaripoti. Nimemwekea kiti kando ya changu, kile cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, nikakikunjia kipande cha jalada chini kisiyumbe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni skana.

Nataka akija mkaguzi akute kila kitu sawa. Huwa hatangazi, na Mkuu hana habari naye, lakini mimi nimemzoea: kila mwaka hutokea Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tano, na mkoba wake uleule.

Nijibu kwa barua. Simu yangu inasikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Shangazi yako,
Wino

*

12 Machi

Shangazi Wino, shikamoo.

Nimecheka mpaka mchumba wangu akaja kuuliza kuna nini. Shangazi, Mgeni si mtu. Huo ni mlango tu, wa mtu asiye na jina lake kwenye mashine. Kwenye mfumo wenyewe neno ni la kigeni, na niliyelitafsiri "mgeni" ni mimi. Unakumbuka ile miaka miwili niliyokuwa nikikuambia najitolea? Tulikuwa watu tisa, tukaugeuza mfumo wote useme Kiswahili, hadi kurasa za msaada. Sasa nimeona matunda yake: shangazi yangu amemwekea mlango kiti.

Halafu usiseme ni mfumo wa bure. Ni mfumo huru. Bure ni bei, huru ni namna ya kuishi. Mfumo wa kununua ni kama chungu kilichofunikwa, unakula bila kujua kimetiwa nini. Huu wetu umefunuliwa, anayetaka kuonja aonje, anayejua kupika arekebishe chumvi. Hakuna kinachofichwa. Hata mashine yenyewe ina daftari la matukio, inaandika nani kaingia, lini, kafanya nini. Ndiyo sababu nilimwandikia Mkuu kwa moyo mmoja. Ofisi inayotunza nyumba za watu inastahili kitu kisichoficha.

Duka lililowauzia ni la mchumba wangu, hilo nadhani Mkuu amekwisha kukuambia. Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye anauza, mimi naweka mifumo. Anakusalimu sana. Ana maneno huyo: kwa kuwa naitwa Kidole, yeye anajiita Kucha, na badala ya kusema chanda na pete anasema chanda na kucha. Nimemwambia methali haisemi hivyo, hasikii. Mwakani tukijaliwa mtaonana kwenye harusi.

Barua ziandike kwa sanduku letu lilelile la posta. Yeye hupita huko kila asubuhi, ufunguo anao.

Kitoe hicho kiti, usije ukajikwaa.

Mpwa wako,
Kidole

*

Masijala, Jumatatu, 30 Machi

Kidole mwanangu,

Kiti sijakitoa, na nimefanya vizuri.

Sikiliza. Kiwanja namba 31 kwenye mtaa wetu ni cha mshonaji. Hati yake niliiandika kwa mkono wangu, na siku hiyo alikuja na cherehani begani kwa sababu aliogopa kuiacha nyumbani. Wiki mbili zilizopita nimefungua kompyuta nimtafutie nakala, nakuta mwenye kiwanja ni kampuni nisiyoijua. Nikadhani nimekosea kuskani. Nikatazama 32, ya mjane. Kampuni ileile. Leo asubuhi ni zamu ya 33, ya fundi saa. Ijumaa ilikuwa yake, nilitazama kabla sijafunga mlango. Na pembeni ya kila badiliko pameandikwa jina la aliyelifanya: Mgeni.

Majalada yao nikayatafuta. Yamekwisha kuchomwa.

Nilimwendea Mkuu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, macho yanachoka. Umefanya kazi kubwa, sasa pumzika." Sikuchoka macho mimi. Fundi saa naye amepata barua ya kuhama, amekuja nayo hapa ameikunja kama tiketi, akaniuliza, "Hii si ya mtu mwingine kweli?" Nikamwambia asiondoe hata msumari.

Basi nikafanya uzee wangu. Siku moja nilipotoka niliacha maandishi kwenye skrini: "Ndugu Mgeni, karibu masijala. Naona unashughulikia mtaa ninaokaa. Mimi ndiye mtunza kumbukumbu, naomba tuelewane kabla ya kugusa kitu." Kesho yake nimewasha, nikakuta jibu chini yake. Nakunakilia lilivyo:

"Asante kwa kunikaribisha, mama. Usijisumbue na viwanja hivyo, vimehakikiwa. Mimi na wewe sasa ni chanda na kucha."

Wewe uliniambia Mgeni si mtu. Mlango haujibu barua, Kidole.

Nyumba yetu ni namba 40. Wewe unaijua, ndipo ulipozaliwa, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha lisilofunga. Baba yangu aliijenga kwa miaka kumi na moja. Sina nyingine, na sina pa kwenda.

Nifundishe kulifungua hilo daftari la matukio. Na kama una neno la kuniambia, niambie.

Shangazi yako,
Wino

*

9 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo.

Kuhusu tatizo ulilolieleza, inaonekana ni hitilafu ya kawaida wakati kumbukumbu zinahamishwa kutoka kwenye karatasi. Itarekebishwa. Daftari la matukio ni gumu kidogo kwa mtu asiye wa fani hii, afadhali usiliguse usije ukaharibu.

Mchumba wangu yuko hapa ninapoandika, anakusalimu. Anaona ni vizuri ukafikiria kustaafu mapema, kwani umefanya kazi kubwa.

Nakutakia afya njema.

Mpwa wako

*

Masijala, Jumatatu, 20 Aprili

Kidole,

Barua yako nimeisoma mara nne, nikitafuta ulipo. Sikukuona.

Nilikuandikia kila neno alilosema Mgeni. Ulipaswa kuruka kama uliyekanyaga kaa la moto. Umelipita kimya. Nilikuwekea makusudi, mwanangu. Nilitaka uniambie wewe kabla sijajua mimi.

Sasa nimejua mimi. Ulisema daftari la matukio ni gumu kwa mtu asiye wa fani. Lakini uliwahi kuniambia pia kwamba kurasa za msaada mmezigeuza Kiswahili. Kwa siku sita, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakitoka mimi nabaki na chupa yangu ya chai na kurasa zako. Unaandika vizuri. Hujapoteza hata koma. Kwenye ukurasa wa kumi na saba umeandika: "Kila mtumiaji anayeongezwa kwenye mashine huandikwa: aliongezwa nani, siku gani, na ni nani aliyemwongeza. Ili kuona, fanya hivi." Nikafanya hivyo. Mashine ikanijibu kwa Kiswahili chako mwenyewe:

"2 Machi. Mtumiaji kidole amemwongeza mtumiaji mgeni. Mtumiaji kidole amempa mgeni mamlaka yote."

Jina hilo nilikupa mimi.

Nilikaa sakafuni katikati ya makabati. Nimekasirika, Kidole, sina neno la kuzungushia. Nimekasirika kuliko siku uliyoondoka bila kuaga. Na bado nilipoliona jina lako, kitu cha kwanza nilichofanya ni kulifunika kwa kiganja, asije akaliona mtu.

Mgeni sasa yuko namba 38. Mjane wa 32 wamemtolea vitu nje, nimemchukua kwangu, analala chumba chako.

Nimeuchapa ule ukurasa na nitampa anayestahili kuupata. Lakini ukurasa peke yake unakutaja wewe tu, yule mwingine hamna. Anayeweza kumtaja ni wewe. Na usidhani wameyamaliza yote motoni. Kabla kila jalada halijaingia kwenye toroli nililinakili kwa mkono kwenye daftari: namba, mwenye kiwanja, tarehe, namba ya muhuri. Mtaa mzima. Daftari hilo haliko ofisini.

Njoo. Panda basi la kwanza. Kile kiti nilimwekea Mgeni, kumbe nilikuwa nakuwekea wewe. Ukikikalia ukasema kila kitu, nitakaa kando yako, hata wakikufunga.

Shangazi yako,
Wino

*

Jumanne, 21 Aprili

Shangazi Wino,

Naandika kwenye choo cha jengo letu, karatasi iko juu ya goti. Ile barua iliyopita niliiandika yeye amesimama nyuma ya kiti changu, mkono begani, ananiambia andika hivi, andika vile. Samahani kwa kila mstari.

Mgeni ni yeye. Niliyemweka ni mimi. Wiki ile kabla hatujazisafirisha kompyuta zenu alisema duka linahitaji mlango wa matengenezo, ili kukiwa na tatizo asilazimike kusafiri. Akasema tumwite Mgeni, hakuna atakayejali. Nilijua mlango wa aina hiyo haupewi mamlaka yote. Nilijua, Shangazi, siwezi kusingizia ujinga. Lakini nilikuwa napendwa, nikaona kuuliza ni kumtukana. Ulipoandika chanda na kucha nililitambua neno lake, na bado sikukuambia, kwa aibu tu. Kosa si la mfumo. Mfumo ulisema kweli tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyeficha.

Yeye na Mkuu wenu walijuana kabla hata sijaandika zile kurasa nne. Nimeziona barua zao. Wanataka mtaa wote, kuanzia kwa mshonaji hadi kwenu.

Usimjibu tena Mgeni. Na tafadhali, usiniandikie kwenye lile sanduku la posta. Ufunguo anao yeye, na nadhani hunisomea kabla hajanipa. Barua hii naipeleka mwenyewe leo mchana. Jioni nitajaribu kuondoka nije huko. Kama una kumbukumbu yoyote ya karatasi, usiitaje popote.

Nisamehe, ukiweza.

Kidole wako

*

Jumamosi, 25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujaonana, lakini naona tumekwisha kufahamiana.

Barua yako ya tarehe ishirini imefika salama mikononi mwangu. Unaandika vizuri, sasa naelewa Kidole kajifunza kwa nani. Na yeye alikuandikia tarehe ishirini na moja, ila barua ilibaki kwenye mkoba wake. Nakuambatishia humu, maana mimi si mtu wa kuzuia barua za watu. Nimeisoma nikasikitika. Mtu akipata homa huandika mengi.

Ndiyo, ana homa. Tumemtoa mjini akapumzike mahali penye utulivu, simu tumemwondolea ili alale. Usihangaike kumtafuta, hupajui na ni mbali.

Kuhusu lile daftari: nimemweleza Mkuu wako, amesikitika kwamba kumbukumbu za ofisi zinanakiliwa na kupelekwa majumbani. Angeweza kuita polisi. Nimemwomba asifanye hivyo, kwa kuwa ni mambo ya kifamilia. Amenipa kazi ya ushauri hapo masijala, naanza Jumatatu tarehe nne. Utanikabidhi daftari pamoja na ule ukurasa uliouchapa, kisha utaandika barua ya kustaafu, na Kidole akishapona tutakuja wote kukusalimia. Sina haraka. Wiki nzima nipo.

Namba 40 sijaigusa. Nimeiacha ya mwisho kwa heshima yako.

Kile kiti usikiondoe. Nitakikalia mwenyewe.

Mgeni wako

*

Masijala, Jumanne, 28 Aprili

Ndugu Mgeni,

Barua zote mbili nimezipata. Ya kwako nimeisoma mara moja, inatosha.

Nimekuwa mtunza kumbukumbu maisha yangu yote, kwa hiyo sichukui neno la mtu bila sahihi yake. Unasema mpwa wangu ana homa. Naomba aniambie yeye. Asinichapie kwa mashine wala asipige simu, aandike kwa kalamu. Mwandiko wake naujua tangu alipokuwa anaandika S kichwa chini. Nikiuona, na akiniambia mwenyewe nikupe hilo daftari, utalipata, hata kama ni kwa nyumba yangu. Nyumba itajengwa na mwingine. Yeye hatajengwa tena.

Nisipouona hadi Jumamosi, Jumatatu hutanikuta mimi wala daftari.

Kiti kipo. Mguu wake mmoja ni mfupi, utazoea.

Na hilo neno lako la chanda na kucha uliache. Kucha hukatwa.

Mtunza Masijala

*

Ijumaa, 1 Mei
(Kwa kalamu, ipelekwe kwa mkono)

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni homa tu. Usishangae mwandiko.

Ameniambia nikuandikie, na mimi nakuomba: lile jambo la daftari ulimalize, usinifikirie mimi. Mpokee kama ulivyompokea mwanzoni, ulipomwekea kiti, mambo yote yafuate yalivyo kwenye barua yako ile ya kwanza kabisa iliyonichekesha. Jumatatu na Jumanne usimchoshe kwa shughuli yoyote, atakuwa ametoka safari. Mtengee chai, mwambie unalitafuta.

Jumatano umpe, alitie kwenye mkoba wake uleule.

Mpwa wako